Mizani Mbili za Gunia Moja: Namna ya Kuchunguza Maadili katika Vyama na Kampuni

Mhadhara wa wazi, Nambambo, Nachingwea

 

Nimeombwa nizungumzie mbinu za kuchunguza maadili ndani ya mashirika ya biashara. Vyuoni somo hili hufundishwa kwa mifano ya kampuni za New York na London, na mwanafunzi humaliza masomo akidhani maadili ya biashara ni habari ya maghorofa. Mimi naona pa kulisomea ni hapa. Korosho ya mkulima wa Nambambo, tangu inapopimwa kwenye ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi, mpaka inapopakiwa melini Mtwara, inapita kwa karani, kwa mwenye lori, kwa mwendesha ghala kuu, kwa chama kikuu cha RUNALI, kwa mnunuzi wa mnadani na kwa benki. Kila mmoja ana karatasi yake. Na palipo na karatasi nyingi zinazosema habari ya gunia moja, mtafiti hakosi kazi.

Hoja yangu ni moja. Usianze kwa kuwauliza watu kama ni waaminifu. Tafuta kumbukumbu mbili za kitu kilekile, zilizoandikwa na watu wasiotegemeana, uziweke sambamba. Zikipishana, hapo ndipo uende kwa watu, ukawaulize tofauti hiyo imetoka wapi, na uwe tayari kusikia jibu usilolitarajia.

Nieleze kwanza kwa nini siridhiki na njia iliyozoeleka. Wanafunzi wetu wanapenda dodoso. Mtu anachapa maswali arobaini, anapanda basi hadi Nachingwea, anagawa karatasi: je, viongozi wa chama chako wanazingatia maadili? Weka alama kati ya moja na tano. Anarudi na wastani, anaandika tasnifu. Lakini karani anayeulizwa kama amewahi kumpunja mkulima analijua jibu linalotakiwa. Mkulima anayeulizwa kuhusu mwenyekiti wake anakumbuka kwamba salfa ya kupulizia mikorosho ikiletwa, majina ya wanaopewa yatapitia mikononi mwa mwenyekiti huyohuyo. Siwaiti waongo hao. Wanajilinda, na wana haki ya kujilinda. Mwaka 1990 Donna Randall na Annetta Gibson walipitia makala 94 za utafiti kuhusu maadili ya biashara, wakakuta nyingi zimeegemea dodoso, na karibu hakuna iliyochukua hatua yoyote dhidi ya tabia ya watu kujibu kile kinachopendeza. Miaka mingi imepita, na bado madodoso ya namna ile yanagawiwa.

Ipo njia ya kumkinga anayejibu, na nataka niieleze taratibu kwa sababu ni nzuri na haihitaji mtambo wowote. Mwaka 1965 mtakwimu Stanley Warner alipendekeza kwamba bahati nasibu iingizwe ndani ya jibu lenyewe. Wengine waliomfuata walilirahisisha wazo lake, na mojawapo ya namna rahisi ni hii. Chukua makarani 100. Kila mmoja ajitenge, arushe sarafu ambayo mtafiti haioni. Ikilala upande wa kwanza, aseme "ndiyo", vyovyote iwavyo. Ikilala upande wa pili, ajibu kwa ukweli swali hili: msimu uliopita, uliwahi kuandika kilo pungufu ya zile zilizosomwa kwenye mizani? Tuseme makarani 70 wamejibu "ndiyo". Tunajua kwamba kama 50 wamesema hivyo kwa sababu ya sarafu tu. Wanabaki 20, nao wametoka katika wale 50 waliotakiwa kujibu kweli. Basi makadirio yetu ni kwamba makarani 40 katika kila 100 waliwahi kupunguza kilo. Na hakuna karani hata mmoja anayeweza kushtakiwa kwa daftari langu, kwa maana "ndiyo" yake inaweza kuwa ya sarafu.

Udhaifu wake nao lazima usemwe. Sarafu inaleta kelele ndani ya hesabu. Kwa watu 100, ile asilimia 40 inaweza kwa kweli kuwa 22, au ikawa 58. Ili upate jibu lenye uzito unahitaji watu wengi kuliko makarani wa wilaya moja. Halafu mbinu hii inakupa kiasi tu. Haikuambii uovu unafanyika vipi, wala ni nani anayeusukuma kutoka juu. Kwa hiyo naiheshimu, lakini siisimamishi mbele.

Ninaisimamisha mbele ile ya kumbukumbu mbili, na mfano wake bora umetoka kwa jirani zetu wa Uganda. Katika miaka ya 1990 Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia fedha ambazo serikali ilikuwa ikizituma kwa shule za msingi kwa kila mwanafunzi. Hawakuwauliza maofisa wa wilaya kama wanakula fedha za watoto. Walichukua hesabu za serikali kuu za mwaka 1991 hadi 1995, wakaenda kwenye shule 250, wakafungua vitabu vya shule zenyewe. Kwa wastani shule zilipokea asilimia 13 tu ya kile zilichotakiwa kupata, na nyingi hazikupokea chochote. Pengo hilo halikuonekana katika daftari la juu peke yake, wala katika daftari la shule peke yake. Baadaye serikali ya Uganda ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na sehemu inayofika shuleni ikapanda sana, ingawa wataalamu wanabishana bado ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kililetwa na magazeti.

Mfano wa pili ni wa Indonesia, nao unatuhusu kwa namna ya pekee. Benjamin Olken alichunguza barabara zilizojengwa katika vijiji zaidi ya 600. Wahandisi walichimba barabara zilizokwisha kujengwa, wakapima mawe, changarawe na mchanga uliomo kweli, wakalinganisha na kile kilichoandikwa kuwa kimenunuliwa. Vijiji vilivyojua kwa hakika kwamba wakaguzi watakuja vilipunguza upotevu kwa karibu pointi 8 za asilimia. Kilichonishughulisha zaidi ni jambo jingine alilolikuta: wanakijiji waliweza kuhisi pale bei ya vifaa ilipopandishwa, kwa sababu bei za sokoni wanazijua, lakini hawakuweza kujua pale wingi wa vifaa ulipodanganywa. Kwa hiyo wizi mwingi ulijificha kwenye wingi.

Tuseme hivyo hivyo kuhusu korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye zao hili mwaka 2007, mkulima wetu amekuwa hodari wa bei. Siku ya mnada vijana wanashika simu, na kabla ya jioni kila mtu anajua bei ya juu na bei ya chini. Siku hizi minada inaendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na habari zinaruka haraka zaidi. Mjengeko wa bei nao unajadiliwa mikutanoni, tozo kwa tozo. Lakini kilo? Kilo zikishatoka kwenye mizani ya AMCOS na kupanda lori, mkulima hazioni tena. Zinapimwa upya ghala kuu, na zikipungua anaambiwa neno moja: unyaufu.

Unyaufu ni kitu cha kweli. Hapa mtafiti mwenye haraka huharibu kazi yake na huharibu jina la mtu asiye na hatia. Korosho hukauka ikikaa, na ikikauka hupungua uzito. Tuipigie hesabu. Gunia la kilo 80 lenye unyevu wa asilimia 12 lina kilo 70.4 za korosho kavu kabisa, kilo 9.6 ni maji. Likikauka hadi unyevu wa asilimia 9, zile kilo 70.4 zitakuwa asilimia 91 ya uzito mpya, na gunia litapima kilo 77.4 hivi. Zaidi ya kilo mbili na nusu zimeondoka na hakuna aliyeiba. Lakini kama gunia lilifika AMCOS likiwa na unyevu wa asilimia 10, basi likikauka hadi 9 litapungua kilo 0.9 tu. Katika magunia 1,000, tofauti kati ya hali hizo mbili ni zaidi ya kilo 1,700. Kwa hiyo anayesema "ni unyaufu" anaweza kuwa anasema kweli, na anaweza kuwa anajificha nyuma ya kweli. Kinachotenganisha ni kipimo cha unyevu kilichoandikwa siku ya kwanza, kwenye karatasi ileile yenye kilo. Pasipo namba hiyo hakuna mtafiti, mkaguzi wa vyama vya ushirika kutoka COASCO wala hakimu anayeweza kusema pengo ni la jua au la mtu.

Ndiyo maana nawaambia vijana mnaosomea biashara: kabla hujachunguza maadili ya ghala, jifunze korosho. Nenda Naliendele ukawaulize watafiti wa kilimo zao hili linavyokauka. Chagua magunia yako machache, yapime, yahifadhi katika ghala lilelile kwa siku zilezile, uyapime tena. Hayo ndiyo yatakuwa kipimo chako cha haki. Upungufu wa magunia mengine utaupima dhidi ya hayo.

Pengo likishapatikana na jua likishaondolewa lawama, ndipo mazungumzo na watu yanapoanza kuwa na maana. Mmarekani Donald Cressey aliingia magerezani akazungumza na watu waliofungwa kwa kula fedha walizoaminiwa, na kitabu chake kikatoka mwaka 1953. Alikuta kwamba wengi hawakujiona wezi siku walipochukua. Walikuwa na shida ambayo waliona aibu kumwambia mtu, waliijua njia ya kuchukua bila kuonekana, na walikuwa na maneno ya kujituliza, hasa kwamba wanaazima tu na watarudisha. Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya chama cha msingi amewahi kusikia maneno ya aina hiyo. Lakini Cressey aliwasikia baada ya hukumu, walipokuwa hawana cha kupoteza. Wewe unamtafuta karani ambaye bado ana kazi, mke na jina mtaani. Kwa hiyo usimuulize "kwa nini ulichukua". Mwekee karatasi mbili mezani, mwambie, "Kaka, hizi zinapishana kilo 300, nisaidie nizielewe," kisha unyamaze. Mara nyingine atakueleza jambo ambalo hukulijua: mizani iliharibika siku tatu, lori lililala njiani mvua ikanyesha, au kiongozi fulani aliagiza.

Na angalia umeingia kwa mlango wa nani. Mtafiti anayeshuka kwenye gari la chama kikuu, akapangiwa wa kuzungumza naye na mwenyekiti, atapewa majibu ya mwenyekiti. Hata kibali chako cha utafiti cha COSTECH, ambacho ni lazima uwe nacho, kinaonekana kijijini kama barua ya serikali. Inabidi ukae. Ukae mpaka msimu, ukae mpaka usiku wa kupima, wakati taa ni hafifu na foleni ni ndefu na kila mtu amechoka, kwa maana mambo mengi ya mizani huamuliwa saa hizo.

Wilaya hii inajua uchungu wa kuchunguzwa kutoka mbali. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield na wenzake wawili kuja kuangalia kama karanga zinaweza kulimwa kwa mashine Afrika Mashariki, kufuatia wazo la Frank Samuel wa United Africa Company. Walimaliza kazi kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka kwenye ndege, wakapendekeza mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Nachingwea ikawa kimojawapo cha vituo vitatu vikubwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango ukavunjwa mwaka 1951, na zilizopotea ni pauni milioni 36 hivi. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi hapa ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu wengi husimulia habari hii kama kosa la kilimo: mvua, udongo, matrekta. Mimi naiona pia kama habari ya maadili ya shirika. Shirika lililosimamia mpango, Overseas Food Corporation, lilipofunga hesabu zake za hadi Machi 1949, wakaguzi wake hawakuweza kuthibitisha kwamba vitabu vilikuwa vimetunzwa ipasavyo. Fedha zilikuwa zinatoka, matumaini yalikuwa yanatangazwa bungeni London, na karatasi ya pili ya kulinganisha haikuwepo. Wamwera, ambao ardhi hii waliijua kwa jembe, walikuwa na kumbukumbu zao za mvua na za udongo, wala si kwao uchunguzi ulikoanzia.

Nije karibu zaidi. Mwezi Oktoba 2018 wakulima wa kusini walizikataa bei za mnada. Novemba serikali ya Rais Magufuli ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaanza kusomba. Kabla ya kulipa, serikali ilitaka kumtenganisha mkulima wa kweli na mfanyabiashara wa kangomba, yule anayezunguka kabla ya msimu akinunua nje ya chama, kwa bakuli badala ya mizani, kwa bei ya mtu mwenye njaa. Vikaundwa vikosi vya uhakiki. Wenye kilo nyingi wakatakiwa kuonyesha mashamba.

Ule ulikuwa utafiti wa maadili kwa maana kamili, pengine mkubwa kuliko wowote uliowahi kufanyika katika nchi hii, na ndiyo maana tunapaswa kuuhukumu kama utafiti. Nia yake ilikuwa na haki ndani yake: kangomba inamnyonya mnyonge. Hata mbinu yake ilikuwa ile ninayoisifu, ya kumbukumbu mbili, kilo kwenye karatasi na mikorosho shambani. Lakini mkorosho hauzai kwa kanuni. Mti uliopuliziwa salfa kwa wakati na mti ulioachwa ushikwe na ugonjwa wa ubwiri unga haifanani, na mti wa zamani haulingani na mti wa mbegu mpya. Tena watu hupeleka korosho za mama mkwe kwa jina lao, hukodi mashamba kwa msimu, hulipwa ujira wa kibarua kwa korosho. Yote hayo kwenye karatasi yanafanana na kangomba. Na wakati uhakiki ukiendelea, aliyesubiri fedha ni mkulima, wengine kwa miezi. Mtafiti wa chuo akikosea, tasnifu yake inakuwa mbaya. Uhakiki ukikosea, mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mbinu inayomtwika mnyonge mzigo wa kujisafisha inahitaji uthibitisho mkubwa zaidi kabla ya kutumiwa, si mdogo.

Lipo pia swali la nani yumo ndani ya daftari. Ukichukua sampuli kutoka rejesta ya wanachama wa AMCOS, umewaacha nje wengi wanaoumia. Mama aliyepalilia na kuokota, lakini shamba limeandikwa jina la mume na fedha zinaingia akaunti ya mume, hayumo. Mzee aliyemaliza korosho zake zote kwa kangomba mwezi Julai ili amzike ndugu yake hayumo, kwa sababu hakuleta gunia. Kijana kibarua hayumo. Ukiwakosa hao utaandika kwamba wanachama wameridhika, na itakuwa kweli, maana wasioridhika hukuwafikia. Nenda nyumba kwa nyumba, na umchukue mtu anayejua Kimwera, kwa kuwa bibi anaweza kukujibu kwa Kiswahili cha heshima na kukueleza ukweli kwa lugha ya nyumbani.

Sasa nizungumzie usiri. Katika mji mkubwa unaweza kuandika "karani mmoja wa chama kimoja" na asijulikane. Hapa, ukiandika "karani wa kike wa chama kimoja katika kata ya Nambambo", umemtaja. Kubadili jina hakutoshi. Inabidi uchanganye vyama kadhaa, uache jinsia na umri pale visipohitajika, uhifadhi orodha ya majina mbali na majibu, na pengine uchelewe kuchapisha mpaka msimu upite. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakufunga, lakini hata isingekuwepo ungefungwa na ukweli kwamba wewe utapanda basi urudi mjini na yeye atabaki. Aprili 2013 hasira za malipo ya korosho ziliwasha moto Liwale, nyumba zikateketea. Anayechapisha majina au dalili za majina katika mazingira kama hayo, kabla ya ushahidi kukamilika, ameshiriki katika litakalofuata.

Basi napendekeza utafiti huu, na naupendekeza kwenu wenyewe, si kwa chuo. Msimu ujao, vyama vitatu vya msingi vikubali. Kila gunia la kumi lipimwe unyevu pamoja na uzito, na namba zote mbili ziandikwe kwenye stakabadhi ya mkulima. Mkulima abaki na nakala, na nakala ya pili isitunzwe na karani, itunzwe na mwalimu au katibu wa msikiti au wa kanisa. Magunia matano ya kipimo yasafiri kwenye kila lori na yapimwe tena ghala kuu mbele ya mjumbe mmoja mkulima. Mwisho wa msimu vijana wa sekondari walio vizuri katika hisabati waziweke namba hizo sambamba na zile za ghala kuu. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kipima unyevu, kalamu na watu wasiotegemeana.

Matokeo yasomwe kwanza kwenye mkutano mkuu wa wanachama, kwa kilo, kabla hayajaenda Tume ya Maendeleo ya Ushirika wala kwa mwandishi wa habari. Viongozi wapewe nafasi ya kujibu kwa maandishi, na majibu yao yachapishwe ndani ya taarifa ileile, yote, bila kupunguzwa. Na kama pengo litaonekana ni la jua tu, hilo nalo lisomwe kwa sauti ileile, ili karani aliyeshukiwa miaka yote asafishwe mbele ya watu walewale waliomshuku.